Mpira wa mkojo na bakteria rafiki: mi naona tuanzie hapa
Mzee wa tezi dume akiwekewa mpira, au kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwenye ajali ya bodaboda, sisi ndugu tunaangalia tu mkojo unatoka au hautoki, ukitoka tunashukuru Mungu tunarudi nyumbani. Kumbe kila siku mpira unavyokaa, uwezekano wa bakteria kuingia kwenye mkojo unapanda asilimia 3 mpaka 7, na wakishaingia wananata kwenye silikoni wanajifunika na utando, ule ute ute ambao antibayotiki haiupenyi vizuri. Ndo maana mgonjwa anachomwa sindano, homa inashuka, baada ya muda imerudi palepale, anaanzishiwa dozi nyingine kali zaidi, na usugu wa dawa unazidi kukomaa.

Sasa kuna watafiti wanataka kuwahi hiyo nafasi kwa kuweka bakteria rafiki, wasioleta ugonjwa, kabla adui hajafika, na mi nawaunga mkono kabisa. Kule Houston, Marekani, timu ya mtafiti Darouiche ilichukua E. koli, bakteria wa utumboni, ila aina mpole inayoitwa 83972, asili yake ni mkojo wa binti wa shule wa Sweden aliyekaa naye miaka bila kuumwa, wakampaka kwenye mipira ya wagonjwa wa uti wa mgongo ili awazuie wale wakorofi. Na Groningen, Uholanzi, watu waliotolewa koromeo wanaongea kwa kifaa kidogo cha silikoni ambacho fangasi wanakiharibu haraka, wagonjwa wenyewe ndo walikuwa wanasema wakinywa maziwa ya mgando, yenye bakteria rafiki, kinadumu, na maabara ilipojaribu ikaona utando kweli unapungua.

Ila tuelewane, vijidudu hai, wawe bakteria au hamira, sio wa kila mahali. Mgonjwa mahututi mwenye dripu ya mshipa mkubwa usimkaribishie hata kipakiti cha hamira ya probayotiki, yaani hamira hai inayonywewa kama dawa ya tumbo, ukikifungua pembeni ya kitanda vumbi lake linaweza kutua kwenye mkono wa nesi au kwenye mrija na kuishia kwenye damu, na mwaka 2017 wadhibiti wa dawa Ulaya waliipiga marufuku kwa wagonjwa kama hao.

Kwenye mirija ya damu mi nataka silaha ya bakteria rafiki tu, sio wao wenyewe. Mfano nisini, inatengenezwa na bakteria wa maziwa, imejulikana tangu 1928 na iko kwenye jibini watu wanakula. Ina asidi amino 34 tu lakini inadaka ile malighafi ambayo stafilokoka, bakteria wa kwenye ngozi, anajengea ukuta wake, halafu inamtoboa. Kwa E. koli, nisini peke yake haifui dafu sababu ana utando wa nje, inabidi ichanganywe na kitu kama EDTA, kemikali inayolegeza huo utando. Na usidhani ukimnywesha mgonjwa mtindi nisini itafika kwenye mrija, vimeng'enya vya tumbo vinaikatakata, lazima ipakwe kwenye kifaa chenyewe.

Kwa hiyo hela za utafiti mi ningezianzishia kwenye mkojo, na majaribio yafanyike kwenye wodi zetu pia, watu wanaokaa na mpira miezi na miezi tunao wengi mno. Kwa sasa we ndugu wa mgonjwa kila asubuhi muulize nesi kama mpira bado unahitajika, wakisema hauhitajiki omba utolewe siku hiyohiyo.