Robo milimita ya jicho la mtoto

Shemeji yangu ni mwanajeshi wa kambi ya Bombo, Uganda, mtu wa maneno machache. Dada alipomwambia kwamba mpimaji macho mmoja mjini Kampala amependekeza binti yao wa miaka tisa, aliye darasa la nne (P.4), avae lenzi za kuweka juu ya jicho badala ya miwani, alicheka. "Mtoto wa P.4 atiwe plastiki machoni? Kwani anakwenda mashindano ya urembo?" Kisha akanigeukia. "Shemeji, wewe unayeandika andika, hebu mwambie dada yako."

Sikumwambia. Nilikwenda kusoma kwanza, na sasa naona kwamba shemeji, pamoja na wengi wetu, tunalijibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Tunadhani lenzi hizi ni miwani isiyoonekana. Mtoto asiyeona mbali ana jicho lililorefuka kupita kiasi kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo taswira inaishia kabla ya kuifikia retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Miwani ya kawaida inamrudishia ubao wa darasani leo. Jicho lenyewe linaendelea kurefuka, ndiyo sababu kila mwaka namba ya miwani (kipimo cha nguvu yake, dayopta) inapanda na mzazi anarudi dukani. Lenzi ninazozizungumzia zina eneo la katikati la kuonea, na kando yake kuna sehemu zenye nguvu tofauti zinazoangusha mwanga mbele ya retina. Wataalamu wanaamini jicho huuchukua mwanga huo kama agizo la kupunguza kukua. Urembo haumo kabisa katika hesabu hiyo.

Je, zinafanya kazi? Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao BLINK, uliofuata watoto 294 wa miaka 7 hadi 11 kwa miaka mitatu. Macho ya waliovaa lenzi za kawaida yalirefuka kwa milimita 0.66. Ya waliopewa zenye nguvu kubwa zaidi pembeni yalirefuka kwa 0.42. Tofauti ni 0.24.

Robo milimita! Shemeji alipoisikia alichukua daftari la binti yake, akabana karatasi mbili tatu kati ya vidole, akaninyooshea. "Hii ndiyo tuuze mbuzi?"

Nami namba hiyo imenikosesha raha, kwa sababu unaweza kuipuuza na unaweza kuitia chumvi, yote mawili kwa urahisi uleule. Jicho zima halifiki hata sentimita mbili na nusu, na milimita moja ya ziada ni kama namba mbili na nusu za miwani. Kwa hiyo robo milimita ni zaidi kidogo ya nusu namba. Jaribio la lenzi za MiSight, ambazo Marekani iliziidhinisha mwaka 2019 kwa watoto wanaoanza wakiwa na miaka 8 hadi 12, lilitoa picha iliyo karibu na hiyo: kwa miaka mitatu, wenye lenzi za kawaida waliongezeka namba 1.24, wenye MiSight 0.51. Wauzaji hupenda kutangaza punguzo la "asilimia 59" na kunyamaza hapo. Mimi naona mzazi aambiwe ukweli wake: robo tatu ya namba, kwa miaka mitatu.

Lakini robo tatu hiyo ina uzito gani? Watafiti Mark Bullimore na Noel Brennan walikadiria mwaka 2019 kwamba kila namba moja inayozuiwa hupunguza kwa asilimia 40 uwezekano wa kuharibika kwa kitovu cha retina, ile sehemu tunayosomea na kutambulia sura za watu. Jicho lililovutwa sana lina retina iliyokonda kama mpira wa puto. Inachanika, inabanduka, na presha ya macho nayo humwandama zaidi mwenye namba kubwa. Mengi ya haya hayamkuti mtoto wa P.4. Yanamkuta akiwa na miaka 50, mama wa watu, pengine yuko wilaya za mbali kama Yumbe au Kotido, na retina iliyobanduka inataka daktari bingwa ndani ya siku chache.

Hapo ndipo ninapoachana na wanaosema hii ni anasa ya Wazungu na Wasingapore. Huko mtu akibandukwa na retina ni rahisi zaidi kumfikia daktari wa upasuaji mapema. Hapa kwetu mabingwa wa retina wanahesabika. Mahali pasipo na fundi wa kuziba bwawa, ufa mdogo ndio wa kuogopwa zaidi.

Upande wa pili nao una haki yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2002 uliwapima watoto 623 wa madarasa ya chini ya msingi Kampala, asilimia 11.6 walikuwa na kasoro za kuona, na kutoona mbali ndiko kulikokuwa kuchache kuliko zote. (Ulifanywa kabla ya simu kuingia kila mkono, lakini ndio tulio nao.) Makerere ilianza shahada ya upimaji macho mwaka 2014 tu. Ukiniuliza shilingi ya serikali iende wapi, nitasema iende kwenye miwani ya kawaida kwa mtoto anayenakili daftari la jirani kwa kuwa haoni ubao. Jaribio lile la MiSight lenyewe lilifanyika Singapore, Kanada, Uingereza na Ureno, Afrika haimo.

Wanaosema "mwache acheze nje" nao hawakosei. Guangzhou, China, dakika 40 za ziada nje kila siku ya shule zilipunguza watoto waliopatwa na tatizo kutoka asilimia 39.5 hadi 30.4 kwa miaka mitatu. Ila jua huzuia kuanza vizuri zaidi kuliko linavyopunguza mwendo wa aliyekwisha kuanza, na mpwa wangu alikwisha kuanza akiwa P.2.

Kinachonitia hofu kweli ni maji. Nilimtazama mpwa wangu akifundishwa kuvaa lenzi: nawa mikono kwa sabuni, kausha kabisa, weka lenzi kwenye ncha ya kidole, itazame kwa ubavu. Ikikaa kama bakuli, sawa; ikitanua midomo kama kisahani, imegeuka. Alifaulu mara ya nne, machozi yakimtiririka, akasema, "Mjomba, naiona saa ya ukutani." Lenzi za siku moja zinatupwa jioni, kwa hiyo hakuna kikopo wala dawa ya kuzihifadhia, na maambukizi makali ya konea, kioo cha mbele ya jicho, kwa watoto wanaovaa lenzi laini ni nadra, kama 7 kwa 10,000 kwa mwaka. Lakini hesabu hiyo haikutoka kwenye bweni lenye jerikani moja ya kunawia, ambapo matroni ana wasichana chumba kizima na tone la maji kwenye kidole linaweza kubeba amiba wa kutoboa konea. Tena ni lenzi 730 kwa mwaka.

Kwa hiyo kwa mtoto wa bweni nisingeshauri. Kuna miwani maalumu yenye vilenzi vidogo vidogo iliyojaribiwa Hong Kong kwa miaka miwili, ikapunguza kuongezeka kwa namba kwa karibu nusu. Hiyo haihitaji kidole safi. Kwa mtoto wa kutwa, anayelala karibu na mama wa kumkagua mikono, na mwenye pesa za mwaka mzima mkononi, ningeanza na lenzi bila kusubiri namba ifike tano. Mpwa wangu yuko bweni hadi Desemba.

Jambo moja halikusubiri Desemba. Mashine ya kupima urefu wa jicho ipo tayari kwenye hospitali zinazofanya upasuaji wa mtoto wa jicho, maana bila kipimo hicho hawawezi kuchagua lenzi ya kumpandikiza mgonjwa. Tulikaa foleni pamoja na wazee. Jicho la kulia la mpwa wangu: milimita 24.1, refu kwa umri wake. Shemeji aliitazama karatasi ile muda mrefu kuliko alivyolitazama daftari.

"Tunarudi lini kupima?"

"Baada ya miezi sita," mpimaji akasema.

Akatoa simu, akaandika tarehe.