Mama yake Lincoln hakufa kwa "ugonjwa wa ajabu"

Kila ikifika Oktoba lazima atokee mtu wa kutuletea mchoro wa kibanda cha magogo, mshumaa pembeni, na maelezo kwamba mama yake Abraham Lincoln "alifariki ghafla kwa ugonjwa wa ajabu". Kisha watu wanamiminika na pole, kama vile msiba ni wa jana. Ajabu gani, jamani? Ugonjwa una jina, ni ugonjwa wa maziwa (milk sickness), una msimu wake, una mmea wake wa sumu ambao ng'ombe anaula na mtu anaupata kwenye maziwa, na ulikuwa umeshabisha hodi kwa majirani.

Nancy Hanks Lincoln alifariki tarehe 5 Oktoba 1818 huko Little Pigeon Creek, kusini mwa Indiana, akiwa na miaka 34. Muda mfupi kabla yake walifariki Thomas na Elizabeth Sparrow, waliomlea utotoni na waliokuwa wakiishi jirani tu. Nancy aliwauguza. Akamuuguza na mke wa Brooner, jirani mwingine, naye akafa. Zamu yake ilipofika aliugua kwa takribani wiki moja. Mumewe Thomas akaranda mbao za jeneza, na Abraham, mtoto wa miaka 9, akachonga vijiti vya kuzishikiza. Hiyo "ghafla" iko wapi?

Mmea wenyewe ni Ageratina altissima. Unaota kivulini, pembezoni mwa msitu na kando ya vijito, kimo chake kati ya goti na kifua cha mtu. Majani yanakaa mawili mawili yakitazamana kwenye shina, mapana, yenye meno ya msumeno na ncha kali. Kiangazi kikielekea ukingoni unatoa mashada ya viua vidogo vyeupe pe. Ng'ombe mwenye nyasi za kutosha hauhangaikii. Balaa linaanza jua la Agosti na Septemba likiunguza malisho ya wazi, msituni pekee ndiko kukabaki kijani. Na kumbuka walowezi wale walizungushia uzio mahindi, si mifugo. Ng'ombe alifungwa kengele shingoni akaachiwa msitu, ajitafutie.

Sumu yake inaitwa tremetol, nayo inakwenda na mafuta. Watu wakisimulia habari hii hapa ndipo wanaporuka, na hapa ndipo penyewe. Ng'ombe anayekamuliwa anaitoa sumu kwenye maziwa asubuhi na jioni, kwa hiyo anaweza kuonekana mzima kabisa, anakula, anacheua, huku ndama wake anatetemeka miguu. Wanaoonyesha dalili mapema ni ndama, madume na ng'ombe waliokauka maziwa. Swaga mmoja wao mwendo mrefu kidogo: misuli inaanza kucheza, miguu inakakamaa, anaanguka. Mwenye nyumba anayemkagua ng'ombe wa maziwa peke yake haoni kitu, anakamua, anapeleka ndani.

Kuchemsha si kinga. Siagi ndiyo mbaya zaidi, maana umekusanya mafuta, na sumu imo humo humo. Anayekula anaanza kwa uchovu na kukosa hamu ya chakula, tumbo linauma, anatapika bila kukoma, choo kinafunga, kiu haiishi. Pumzi inanuka asetoni, ile harufu ya dawa ya kufutia rangi ya kucha, kwa sababu damu inajaa asidi. Mwisho anapoteza fahamu. Aliyepata nafuu akikimbilia jembe mapema, anarudi kitandani. Tiba ya madaktari wa enzi hizo ilikuwa kumtoa mgonjwa damu na kumnywesha kalomeli, dawa ya kuharisha yenye zebaki. Daktari wa karibu inasemekana alikuwa zaidi ya maili 30 kutoka kwa akina Lincoln. Pengine afadhali.

Kinachoniudhi kuliko yote ni muda uliopotea. Katika miaka ya 1830, kusini-mashariki mwa Illinois, mkunga Anna Pierce Hobbs aliona kwamba ugonjwa unafuata msimu na unafuata maziwa. Akawaambia watu waache maziwa na siagi mpaka baridi kali iue majani. Inasimuliwa kwamba mwanamke mzee wa Kishawnee, kabila la wenyeji wa asili wa Marekani, ndiye aliyemwonyesha mmea, Anna akamlisha ndama, ndama akatetemeka, na wanakijiji wakaingia msituni kuung'oa. Ohio, mwaka 1838, mkulima John Rowe naye aliulisha mifugo na kutangaza alichokiona. Wasomi wakafanya nini? Daniel Drake, daktari mwenye jina kubwa katika Magharibi yote ya Marekani ya enzi hizo, hakushawishika. Wengine wakashikilia mvuke wa ardhini, umande, madini kwenye maji. Mkunga, mama wa Kishawnee na mkulima: nani awasikilize hao? Maabara ya serikali ya Marekani ilikuja kuitenga tremetol mwaka 1928. Nancy alikuwa kaburini miaka 110.

Haya, nikubali moja, kwa shingo upande. Mmea huu haukuwarahisishia kazi. Ukali wake unabadilika toka sehemu hadi sehemu, na ukikaushwa unapungua nguvu, hivyo jaribio la huyu liliua na la yule halikufanya kitu. Lakini jaribio likigoma unarudia na majani mabichi, humfukuzi shahidi.

Sarah, binti aliyebaki kuendesha jiko akiwa na miaka 11, alifariki akijifungua Januari 1828. Huyo naye siku hizi anatajwa kama "dada wa rais", basi.

Na wale wa "maziwa ya asili hayana madhara, babu zetu walikunywa": waulizeni Kenya kuhusu sumukuvu. Ng'ombe anakula mahindi yenye ukungu, sumu inatokea kwenye maziwa, na sufuria haiiondoi.

Marekani leo ugonjwa huu ni nadra kwa sababu maziwa ya mashamba mengi yanachanganywa tangi moja. Familia yenye ng'ombe mmoja haina bahati hiyo, inakunywa dozi nzima. Wao wazuie mifugo kuingia msituni kuanzia Julai, watoe nyasi kavu wakati wa ukame, wang'oe mmea na mizizi yake ardhi ikiwa na unyevu. Ndama akianza kutetemeka, maziwa ya mama yake yamwagwe, na siagi iliyokwisha kusukwa pia.