Nusu kuku wa Köln

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa chakula. Ndiyo kazi yangu. Oktoba 2023 nilikuwa Köln, Ujerumani, nimesimama nyuma ya meza ya kahawa ya Kilimanjaro kwenye Anuga, yale maonesho makubwa ya vyakula yanayofanyika pale kila baada ya miaka miwili. Siku tano nimevaa tai, nawaeleza Wazungu habari za uchachu na harufu ya maua kwenye kikombe. Kwa hiyo asije mtu akasema nilitoka shamba nikaangukia mkahawani. Nilikuwa mtaalamu. Nilikuwa na beji shingoni.

Shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ana miaka karibu ishirini pale Köln. Jioni ya siku ya mwisho akanifuata ukumbini. "Shemeji, huwezi kurudi Moshi hujaingia Brauhaus."

Brauhaus ni nyumba ya bia. Zamani bia ilipikwa humohumo ndani, na chakula chake ni kile walichokula bibi na babu zao. Tukaingia moja iliyo hatua chache kutoka lile kanisa kuu lenye minara ya mita 157. Shemeji akaniambia walianza kulijenga mwaka 1248 wakalimaliza 1880. Tangu siku hiyo nimeacha kumgombeza fundi wa nyumba yangu.

Sasa, kosa lilianzia kwangu. Miezi mitatu kabla ya safari nilikuwa najifunza Kijerumani kwenye simu, kila usiku, mpaka mke wangu akahamia chumba cha watoto. Tulipoketi, shemeji akataka kuniagizia. Nikamkatalia. Huwezi kuagiziwa chakula na kaka wa mke wako kama mtoto wa chekechea. Habari itafika nyumbani kabla hujamaliza kutafuna.

"Niachie mimi, shemeji. Kijerumani mbona tunacho? Shule si neno lao? Hela si neno lao, kutoka ile sarafu yao ya heller?"

Shemeji akanyamaza. Ningekuwa na akili, ule ukimya ungenitisha.

Meza yenyewe ilikuwa ndefu, ya mbao tupu iliyosuguliwa mpaka ikapauka, na mnakaa na yeyote mnayemkuta. Tuliwakuta wazee wawili na mama mmoja wa makamo. Tukasalimiana kwa vichwa. Mara akatokea mhudumu, aproni ya bluu, mkoba wa pesa wa ngozi kiunoni, sura ya kondakta anayejua kwamba hujalipa nauli. Wahudumu hawa huitwa Köbes, ambalo ndilo jina Jakob kwa lahaja ya pale. Shemeji alishanieleza njiani: Köbes nusu ya kazi yake ni kuhudumia, nusu ni kukutania, na ukinuna umeshindwa. Hakuuliza tunakunywa nini. Akatua glasi mbili mbele yetu, akachora kitu kwa penseli kwenye vile vikadi vya kuwekea glasi, akaondoka.

Ile glasi! Nyembamba, ndefu, robo lita haifiki. Ni desilita mbili. Kwetu bia inakuja chupa ya nusu lita, na swali ni moja tu, baridi au ya moto. Nikamuuliza shemeji kama hii ni ya kuonja.

"Ni Kölsch, bia ya hapa Köln," akasema. "Ndivyo inavyonywewa, ili isiishiwe povu."

Nikaimeza kwa mara mbili, kama dawa ya kikohozi. Sijashusha mkono, nyingine ikatua.

Nikafungua menyu. Nusu yake imeandikwa kwa lahaja ya Kikölsch, lakini macho yangu yakanasa maneno mawili niliyoyajua: Halver Hahn. Halver, hiyo ni halb, nusu. Hahn ni jogoo. Nusu jogoo! Na bei yake ndiyo ilikuwa ya chini kuliko zote ukurasa ule. Nikamtazama shemeji anavyohangaika na bei za kule chini, nikamwonea huruma. Miaka ishirini mjini hajui kusoma menyu.

"Ein Halver Hahn, bitte," nikamwambia Köbes, kifua mbele. "Mit Pommes." Na chipsi.

Sasa, kwetu ukiagiza chipsi kuku lazima useme: kidari au paja. Paja kwa Kijerumani simu haikunifundisha. Nikasogeza kiti nyuma, nikainua mguu kidogo, nikalipiga paja langu makofi mawili. "Das. Das hier, bitte."

Köbes akalitazama paja. Akamtazama shemeji. Shemeji alikuwa amejificha nyuma ya menyu, na menyu ilikuwa inatetemeka.

Nikajiandaa. Nikavua koti, nikakunja mikono ya shati. Kuku haliwi kwa uma na kisu kama unamfanyia upasuaji. Analiwa kwa mkono, na mkono lazima unawe. Köbes alipopita nikamwita kwa adabu: "Wasser, bitte."

Akasimama. Kumbe kuomba maji kwenye Brauhaus ni kama kwenda baa ya nyama choma ukaagiza kachumbari peke yake. Na kuna kejeli yake maalumu, imekaa tayari tangu enzi za babu zao, kila Köbes anaijua na kila mwenyeji anaisubiri. Akaitoa kwa sauti, makusudi meza zote zisikie: "Uletewe na sabuni na taulo?"

Nikaelewa kila neno. Seife. Handtuch. Lilikuwa somo la bafuni, nilipata alama zote! Sijui kama umewahi kukaa siku tano ugenini halafu mtu mmoja akakufikiria kiasi hicho, tena bila kuombwa. Nikasimama kidogo nikamwinamia kwa heshima. "Ja! Ja, bitte! Vielen Dank!"

Kimya. Mzee wa kushoto akaiweka glasi chini. Köbes alibaki mdomo wazi. Yule bwana nadhani ameitumia kejeli ile maisha yake yote na hajawahi kukutana na mtu aliyeikubali.

Shemeji akajikaza, akamweleza kwa Kijerumani kwamba kwetu mgeni hunawishwa mezani kabla ya kula. Köbes akafikiri. Akageuka, akaenda jikoni. Aliporudi alikuwa amebeba ile sinia yao ya mviringo yenye matundu ya kuchomeka glasi na mshikio katikati, ila kwenye tundu moja hapakuwa na glasi. Palikuwa na chupa ya sabuni ya kuoshea vyombo. Taulo la jikoni begani. Jagi la maji ya uvuguvugu mkono mmoja, na nyuma yake kijana wa jikoni na bakuli la saladi.

Akaninawisha. Walahi akaninawisha, ameinama kidogo, anamimina taratibu kama mkamwana anayemnawisha baba mkwe siku ya kwanza. Nami nikanawa kwa haki, vidole, viganja, kucha, nikapanda mpaka karibu na viwiko, maana sabuni ya vyombo ina povu lisilokwisha. Meza za jirani watu walisimama ili waone vizuri. Mtu akapiga makofi, wakafuata wote. Shemeji alikuwa ananipiga picha. Nikajua ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Ndipo chakula kikaja.

Sahani ilikuwa na mkate mmoja mdogo wa kahawia, umepasuliwa katikati. Kando yake chizi, aina ya Gouda, imekatwa minene kama kandambili. Pete za kitunguu kibichi. Haradali. Siagi. Na chipsi pembeni, kwa sababu niliziagiza mwenyewe.

Nikashukuru, nikaisogeza kando, nikaendelea kumngoja kuku.

Dakika zikapita. Mikono nimeiweka juu hewani, kama daktari kabla ya kupasua, isichafuke. Köbes kasimama pale karibu, hana haraka tena.

"Shemeji," nikanong'ona, "wamesahau kuku."

"Ndiye huyo."

"Yuko wapi?"

"Hajawahi kuwepo."

Nikainua mkate nikachungulia. Nikainua chizi. Mama wa makamo akaziba uso kwa leso. Shemeji ndipo akanieleza, baada ya kila kitu kuharibika, kwamba Halver Hahn ndiyo hiyo: mkate na chizi. Kisa cha jina hilo wanakisimulia kwa namna nyingi. Wengine wanasema kuna bwana aliwaahidi wageni wake nusu jogoo kila mmoja, akawaletea mkate. Wengine wanasema ni mtu aliyeomba apewe nusu tu ya mkate, na kwa Kikölsch "kuwa na nusu" kunasikika kama "nusu jogoo". Mimi naamini cha kwanza. Mji mzima una tabia hiyo.

Nikala. Ningefanyaje, mikono imeshanawa. Na kusema kweli ile haradali na kitunguu vinaendana, ila usimwambie shemeji.

Köbes alirudi akaiona sahani tupu, akalipiga paja lake mwenyewe makofi mawili, akasema paja analo: Hämchen. Hapo simu yangu ilikuwa imenifundisha jambo. Hilo -chen la mwisho ni kama ki- yetu. Haus ni nyumba, Häuschen ni kijumba. Kwa hiyo Hämchen ni kijipaja. Baada ya kiglasi na kimkate, nikaona kijipaja ndicho kitakachojaza pengo. Nikakubali.

Ulikuwa mguu wa nguruwe. Namaanisha mguu, kuanzia pale goti linapoanzia kufikiria kuwa goti, na mfupa umesimama juu kama mlingoti. Mimi kitimoto naijua, nanunua kwa kilo, na kwa jicho langu pale palipita kilo na ushee. Lakini kitimoto yetu inakaangwa au inachomwa mpaka inalia. Huyu alichemshwa. Ngozi yake nyeupe ilikuwa inacheza kila mtu akigusa meza. Chini kakalia kabichi iliyochachushwa na viazi vya kupondwa. Ki- yenyewe sikuiona popote.

Sikuwa na pa kukimbilia. Nusu ya nyumba ilikuwa inaniangalia kama mechi. Nikapambana, na ili kusukuma ile nyama, nikawa nashushia na vile viglasi. Kila nikimaliza kimoja kinakuja kingine. Sikuomba hata kimoja, ila ugenini hukatai ulichokirimiwa. Na nitajuaje nimefika wapi? Baa ya kwetu chupa tupu zinaachwa mezani, unaziona, zinakuonya. Huku Köbes anaondoka nazo kila mara, meza inabaki safi kama ndiyo kwanza umeingia. Nilimwona anachora kijistari kwenye kile kikadi kila akileta, nikadhani ndiyo mazoea yake, kama mtu anayechora akiongea na simu. Kikadi chenyewe kilikuwa na picha nzuri. Haradali ikakidondokea, nikaifuta kwa kidole, nikakitia mfukoni mwa koti. Zawadi ya mtoto.

Köbes akaja na mkoba wake wazi. "Deckel?" Akainua sahani, akachungulia chini ya meza, akanitazama.

"Shemeji, kikadi chako kiko wapi?"

"Kikadi gani?"

"Hiyo ndiyo bili yako, shemeji! Na ukiwa umetosheka unakiweka juu ya glasi, vinginevyo analeta mpaka kesho. Ulikuwa hujui?"

"Na wewe ulikuwa unajua?"

"Ulisema nikuachie."

Nikakitoa, kina haradali na mchango wa pamba za mfuko. Köbes akakishika kwa ncha za vidole, akahesabu kwa ncha ya penseli. Kumi na moja. Nikakataa. Haiwezekani! Shemeji akanipigia hesabu: kumi na moja mara desilita mbili, lita mbili na desilita mbili. Chupa nne na zaidi za Moshi, nilizokunywa nikidhani naonja. Nikainuka ili nibishe vizuri, na hapo miguu ikakubaliana na Köbes. Nikaketi.

Shemeji akaanza kutoa pochi. Hapo ndipo heshima yangu ya mwisho ilipokuwa, nikamdaka mkono. "Acha, shemeji! Hela ninayo! Hela ipo! Hela!"

Köbes akaganda. Wazee wawili wakageuka pamoja. Sasa kuna bia ya Wabavaria, watu wa upande wa München, inaitwa Helles, na kuiomba kwa sauti ndani ya nyumba ya Kölsch, mara tatu, huku unapiga meza, sikushauri. Köbes akanyoosha mkono kuelekea mlangoni, uso mkavu kabisa: stesheni ndiyo ile pale, treni za München zipo.

Sijui nyumba ile ilicheka kwa muda gani. Najua kwamba wakati tunatoka Köbes alinikabidhi kikadi kipya, safi, hakina hata kijistari kimoja, na kwenye mfuko wangu wa pili akanichomekea taulo.

Nilifika Moshi Jumamosi jioni. Mke wangu alinipokea vizuri, akanipa pole ya safari, akaniambia nikae mezani kwanza, mzigo utafunguliwa baadaye. Akaja na jagi na beseni, akaninawisha kimya, amekaza uso. Watoto wamejipanga mlangoni. Kisha akaleta sahani imefunikwa kwa kawa.

"Karibu baba, najua umechoka na vyakula vya kizungu," akasema. "Nimekuandalia nusu kuku."

Nikafunua. Mkate, kipande cha chizi, kitunguu kibichi.

"Paja au kidari?" akauliza mdogo.