Besi haitaki buti zima

"Bosi, kwa boksi dogo hili unalolitaka sabufa haitapiga." Fundi aliniambia hivyo huku ameshika futi, anapima buti la Toyota IST yangu kutoka ukuta hadi ukuta. Yeye alishakuwa na lake moyoni: boksi la upana wote, lenye tundu, lililovalishwa zulia jeusi. Mimi nilikuwa na karatasi yenye namba tatu, na gunia la mchele ambalo kila mwisho wa mwezi lazima lipate pa kukaa.

Dar es Salaam boksi la sabufa hupimwa kwa macho. Likijaza buti, basi ni kali. Kwangu mimi huo ni ulafi, maana gari dogo lenyewe tayari ni nusu ya boksi.

Zile namba tatu huja kwenye karatasi ya spika, ile ambayo wengi huitupa pamoja na katoni. Sabufa yangu ni ya inchi 10: Fs (kasi ambayo spika hupenda kutikisika yenyewe) 30 Hz, yaani mara 30 kwa sekunde; Qts (jinsi mtikisiko huo unavyochelewa kutulia) 0.5; na Vas (ujazo wa hewa wenye springi sawa na ya spika) lita 30. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili. Jibu lizidishe kwa Fs upate masafa ambayo besi itaanzia kupungua; lizidishe kwa Qts ujue kama mlio utakuwa mkavu (namba ndogo) au wa kuvuma (namba kubwa). Boksi la lita 30 lililozibwa, yaani lisilo na tundu, linatoa 42 Hz na 0.71, namba ambayo wataalamu huipenda kwa sababu mlio unakaa sawasawa. Nikilikata nusu, lita 15, napata 52 Hz na 0.87. Yaani nimeokoa nusu ya boksi, nimepoteza Hz 10, na mlio umevimba kama nusu desibeli tu, kipimo cha ukubwa wa sauti. Nani ataisikia hiyo barabarani, daladala zikipiga honi? Nikachagua katikati, lita 20.

Hizo Hz zilizopotea gari linazirudisha. Ndani ya gari dogo, kuanzia karibu 60 Hz kwenda chini, wimbi ni refu kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo spika inaijaza hewa yote kwa pamoja kama pampu ya baiskeli. Boksi lililozibwa hushuka desibeli 12 kwa kila oktavu, yaani kila masafa yakipungua nusu, na gari, kwa hesabu za karatasi, hupandisha kiasi hichohicho. Vioo na mabati yakitikisika, kiasi kidogo kinavuja, lakini kinachobaki kinatosha sana.

Wazo lenyewe ni la zamani. Edgar Villchur na Henry Kloss walitoa spika ya AR-1 huko Marekani mwaka 1954, na ndani yake hewa iliyofungiwa ndiyo ilifanya kazi ya springi.

Nikubali upande wa fundi: boksi la tundu hupiga kwa nguvu zaidi kwa amplifaya ileile. Kama unataka jirani wa mtaa wa pili ajue umerudi, mpe fundi buti lako. Lakini mimi nasikiliza singeli. Mapigo 200 kwa dakika maana yake kuna sekunde 0.3 tu kati ya pigo na pigo, na besi inayochelewa kunyamaza inageuza kila kitu uji.

Tukakata MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) ya milimita 18, vipimo vya ndani sentimita 36 kwa 30 kwa 20. Hiyo ni lita 21.6, na moja na nusu hivi inaliwa na mwili wa spika. Msisahau unene wa mbao: kwa nje linakaribia sentimita 40 kwa 34 kwa 24.

Siku ya kwanza lilikoroma. Fundi akanitazama kwa lile jicho la "nilikwambia". Nikawasha kijiti cha udi, nikaweka mlio mzito wa taratibu, nikaupitisha moshi kwenye kila kiungo. Kwenye mbao ulipanda umenyooka. Ulipofika kwenye tundu la waya, ambalo yeye mwenyewe alilitoboa kubwa na kuliacha hivyo, ukaanza kucheza. Silikoni kidogo tu, tukasubiri ikauke hadi kesho yake.

Aliposikia, hakusema kitu. Alichomoa simu, akaipiga picha ile karatasi ya spika.