Kuchomekea Ukubwani: Mwanaume wa Miaka 45 na Kabati la Fulana za Bure

Fungua kabati la mwanaume wa Dar es Salaam aliyevuka miaka 40 ambaye kazi yake haina sare. Utakuta fulana ya semina, fulana ya bonanza la kazini, fulana ya kampeni yenye sura ya mgombea aliyeshindwa vibaya, jezi ya Yanga au ya Simba, jinzi tatu zilizopauka magotini, na suti ya harusi yake ambayo koti halifungi tena. Nusu ya nguo hizo hakuzinunua, alipewa. Asubuhi anavaa iliyo juu ya nyingine, anatoka, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika.

Kisha siku moja konda wa daladala anamwambia, "Mzee, sogea nyuma," na kijana wa dukani anampa shikamoo kabla hata hajamuuliza anataka nini. Ubishi unaanzia hapo, nyumbani na kijiweni: je, ni wakati wa kupunguza fulana na kuanza kuchomekea? Wapo wanaosema mtu mzima avae kama mtu mzima. Wapo wanaosema nguo haijawahi kumfanya mtu kuwa mtu, na kwamba anayebadilisha mavazi ukubwani ama ana mtu nje, ama anajipanga kugombea udiwani. Mimi niko upande wa kubadilika. Ila sababu zinazotolewa kuutetea upande huu mara nyingi ni nyepesi, na upande wa pili una hoja ambazo wauza suti hawapendi kuzisikia.

Sababu nyepesi kuliko zote ni ile ya kujiamini: vaa vizuri, utawaza vizuri. Wanaoisema hupenda kuutaja utafiti wa mwaka 2012 wa Hajo Adam na Adam Galinsky wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Watu waliovaa koti jeupe wakaambiwa ni la daktari walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya umakini kuliko walioambiwa koti lilelile ni la mchoraji. Habari tamu, ikasambaa dunia nzima. Mwaka 2019 watafiti wengine walirudia jaribio la kwanza la utafiti ule kwa watu wengi zaidi, na matokeo hayakujirudia. Kwa hiyo suala la kujiamini tuliache. Kuna mtu anajiamini akiwa na kandambili, na kuna mwingine anatetemeka ndani ya suti ya vipande vitatu.

Sababu yenye uzito ni jinsi wengine wanavyokusoma. Mark Zuckerberg, mwanzilishi wa Facebook, alizoeleka kwa fulana ya kijivu, na watu wakamsifu kwa kutojikweza. Aliweza kwa sababu kila aliyemwona alishajua ni nani. Fulana ni anasa ya mtu anayejulikana. Mkurugenzi akija kazini na raba Jumamosi, mlinzi anamfungulia geti huku anacheka naye. Wewe usiyejulikana ukifika geti hilohilo na fulana ya semina, unaulizwa umetumwa na nani na mzigo uko wapi. Si haki, na mlinzi si mtu mbaya, ila ana sekunde tatu za kuamua na kitu pekee alichonacho mkononi ni mwonekano wako.

Ukiwa na miaka 24 usomaji huo hauumizi sana, maana kila mtu anakuchukulia kama kijana anayetafuta. Ukifika 45 jamii inakuwa imekupa kazi ambazo hukuziomba. Unatumwa kupeleka posa. Unaitwa kwenye kikao cha wazazi shuleni, ambako kila mama amevaa kama anakwenda harusini na wewe umekaa dawati la nyuma na jezi. Msibani, anayepokea wageni na kuzungumza na watu wa makaburini ni wewe, kwa sababu baba zako wadogo wamezeeka. Katika nafasi hizo humwakilishi mtu mmoja. Mshenga aliyekwenda na jinzi iliyochanika hakujidhalilisha peke yake, ameudhalilisha ukoo uliomtuma, na upande wa pili watalizungumza jambo hilo mpaka siku ya ndoa.

Sasa niwape nafasi wapinzani, maana wana la kusema. La kwanza ni joto. Dar es Salaam ya Februari haina huruma na koti. Makoti mengi tunayouziwa yalishonwa kwa ajili ya nchi zenye baridi, sufu nzito yenye bitana nzima ya poliesta, na mtu akitembea nalo kutoka kituo cha mwendokasi mpaka ofisini anafika amelowa. Unadhifu wa namna hiyo ni mateso, na mtu aliyelowa jasho hana unadhifu wowote.

La pili husemwa kwa nadra, nalo ndilo linalonisumbua zaidi: nani anapiga pasi? Fulana unaifua, unaianika, unaivaa. Shati la mikono mirefu linataka mtu asimame juu yake dakika kumi, na umeme uwepo. Katika nyumba nyingi mtu huyo si mwenye shati. Ni mke, au dada wa kazi anayeamka saa kumi na moja alfajiri. Mwanaume anapotangaza kuwa ameamua kuvaa kiheshima, mara nyingi ametangaza kazi mpya ya mtu mwingine.

La tatu ni gharama, na sisemi bei ya nguo tu. Ukianza kupendeza, watu wanahitimisha kuwa mambo yamekunyookea. Kadi za michango ya harusi zinaongezeka na kiwango unachotarajiwa kuandika kinapanda. Kabla hujakaa sawa umeteuliwa mjumbe wa kamati, na binamu uliyekuwa humsikii kwa mwaka mzima anapiga simu ana shida ndogo. Fulana iliyopauka inakukinga na mengi, na nawafahamu watu wenye fedha zao wanaoivaa kwa makusudi hayo.

Halafu kuna hoja ya historia, kwamba "nadhifu" mara nyingi ni neno la mwenye mamlaka. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio la Operesheni Vijana, la kupiga marufuku sketi fupi, mawigi na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969. Waliosumbuliwa zaidi mitaani walikuwa wanawake. Kongo nako, Rais Mobutu aliikataza tai kwa jina la utamaduni na kuiruhusu tena mwaka 1990 alipotangaza mwisho wa chama kimoja. Na Novemba 2023, huko Nairobi, Spika Moses Wetang'ula alizuia suti za Kaunda na mavazi ya Kiafrika ndani ya Bunge, akataka wanaume wavae koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Mwaka huohuo Rais William Ruto mwenyewe alikuwa amezoeleka kuonekana na suti hizohizo za Kaunda.

Ukisoma mlolongo huo unaelewa kwa nini mtu anaweza kuikataa habari nzima ya unadhifu. Lakini mimi nauona unafundisha jambo jingine. Kama kipimo kinabadilishwa kila mara na kwa matakwa ya mtu, basi kupendeza hakujafungwa kwenye suti ya Ulaya, na sisi tuna njia nyingine mbili zilizokwishajaribiwa.

Moja ni kanzu. Watu wa pwani walilimaliza suala la umri na mwili zamani: kanzu nyeupe, kofia ya kufuma, makubadhi, na kwa shughuli nzito koti juu yake. Inapitisha hewa, haibani kitambi, na mzee wa miaka 70 na kijana wa miaka 20 wanapendeza nayo sawasawa. Ijumaa mchana hata ofisi za mjini, eneo la Posta, zinakubali. Shida yake ni kwamba wengi wanaisoma kama vazi la dini, kwa hiyo Mkristo wa Songea ataiona haimhusu, ingawa nimewaona wakwe wa Kikristo wakivishwa kanzu kwenye harusi na wakakataa kuivua.

Nyingine ni hiyo suti ya Kaunda, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Mikono mifupi, haina tai, koti halitaki shati ndani, na kitambaa chepesi kinatosha. Kwa hali ya hewa yetu ni jibu la akili kuliko chochote kinachouzwa kwenye maduka ya suti. Ubaya wake ni sifa iliyobeba: mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kijiji, katibu mstaafu. Ukiivaa na miaka 42 unaongezewa kumi. Fundi mzuri anaweza kukupunguzia miaka hiyo kwa kufupisha koti na kuondoa mifuko miwili ya chini.

Na fundi ndiye mtu ambaye mjadala huu unamsahau. Nenda soko la mitumba la Karume, Ilala, asubuhi belo linapofunguliwa. Watu wanasaula, wanavuta makoti kwa mkono mmoja na kushikilia pochi kwa mwingine. Koti zuri la kitani, nusu bitana, linaweza kukutoka hivi hivi kwa sababu aliye mbele yako ameshaligeuza na kulikagua ukosi na makwapa. Ukilipata, unakwenda nalo kwa kijana aliyekaa na cherehani yake ya Butterfly pembeni ya meza za viatu. Atakusimamisha, atabana nyuma ya mgongo kwa vidole viwili, atapiga mstari wa chaki. "Mzee wangu, kiuno nakupunguzia, mikono nakukatia, lakini bega siligusi. Bega likishuka, koti limeshakushinda, rudisha." Somo lote la koti liko hapo. Kiuno, urefu wa mkono na pindo la suruali vinarekebishika kwa fedha kidogo. Bega la koti kulirekebisha ni kulifumua upya, na fundi mwaminifu atakukatalia.

Kuna watakaosema mtumba ni aibu kwa taifa lenye pamba yake. Hoja hiyo ilifika mbali. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuuondoa mtumba hatua kwa hatua, na Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola mpaka dola 2.50 kwa kilo. Marekani ikatishia kuziondolea nafasi za AGOA, mpango wake wa kuruhusu bidhaa za Afrika kuingia soko lake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ikashikilia msimamo, na Julai 2018 nguo zake zikasimamishwa kwenye mpango huo. Siwezi kumlaumu mwenye mshahara wa kawaida anayenunua shati la mtumba, kwa sababu mara nyingi mshono wake ni bora kuliko wa shati jipya la Kariakoo la bei hiyohiyo. Ila kwa suruali ningemshauri anunue kitambaa na kupeleka kwa fundi. Suruali ndiyo inayogombana na mwili wa ukubwani, na haipo iliyoshonwa Ulaya ikiwa na kiuno chako na mguu wako kwa pamoja.

Nimezungumza kama vile mjadala huu ni wa wanaume peke yao. Mwanamke wa umri huo hana bahati ya kuamua lini aanze kuvaa kiheshima, kwani amekuwa akisemwa tangu akiwa na miaka 13. Akifika 45 anaambiwa rangi fulani zimempita na magauni yamwachie binti yake. Kwake kubadilisha kabati kunaweza kuwa kinyume kabisa: kuacha madera ya kujificha na kurudia kitenge kilichoshonwa kwa vipimo vyake. Uzito wa hoja zangu zote unabadilika akiwa ni yeye, na sidhani mwanaume ndiye wa kuzipima.

Kwa mwanaume mwenyewe ningeanza na viatu, si suti. Moka moja nyeusi au ya kahawia ya ngozi, na mkanda wa rangi ileile, vinaibadilisha hata jinzi isiyo na matobo. Kisha suruali mbili za kadeti, moja ya bluu iliyokolea na moja ya kaki, mashati matatu ya pamba yenye kola inayosimama yenyewe, na moja kati yake liwe la mikono mifupi kwa siku za joto kali. Koti lisubiri mpaka posa ya kwanza. Mashati hayo ajifunze kuyapiga pasi yeye: kola kwanza, kisha mikono, kifua mwishoni. Na anapompelekea fundi kitambaa cha suruali, amwombe aache akiba ya inchi moja na nusu ndani ya mshono wa nyuma, kwa sababu suruali nyingi za dukani zimekatwa bila akiba hiyo na kiuno cha miaka 45 bado kina safari.