Kaza kiganja, lakini usinivunje vidole

Kuna semina za vijana, zile za ukumbi wa kukodi, maji ya chupa na cheti mwishoni, ambazo haziishi mpaka mkufunzi awasimamishe watu wawili wawili wapeane mikono. "Kaza! Bosi anakusoma kwenye mkono!" Vijana wanakazana, nyuso zinakunjamana, anayelegea anachekwa. Wakitoka hapo wanaingia mtandaoni kutafuta mazoezi ya kuongeza nguvu za kiganja. Na mazoezi hayo mimi sina ugomvi nayo, nitayaeleza hapa hapa. Tatizo langu ni sababu waliyopewa ya kuyafanya.

Mkono wa kukaza una ushahidi wake huko Marekani unakohubiriwa. Mwaka 2000 William Chaplin na wenzake wa Chuo Kikuu cha Alabama walichapisha utafiti wa watu 112, kila mmoja akapeana mkono na wapimaji waliofundishwa kazi hiyo. Wenye mkono thabiti walionekana wachangamfu zaidi, na haya zao zilikuwa pungufu kuliko za wenzao. Wahamasishaji wanaishia hapo. Hawasemi kwamba katika hesabu ya uthabiti huo nguvu ilikuwa kipengele kimoja tu kati ya vitano. Vingine ni kujaza kiganja, kutikisa kwa uchangamfu, muda wa kushikana na kutazamana machoni.

Ukichukua nguvu peke yake unafika walikofika Trump wa Marekani na Macron wa Ufaransa. Mei 2017 walibanana Brussels mbele ya kamera, na Juni 2018 kwenye mkutano wa G7, lile kundi la nchi saba tajiri, huko Kanada, picha ikaonyesha alama nyeupe ya kidole gumba cha Macron juu ya mkono wa mwenzake. Watu wazima wale. Miezi mitatu kabla ya picha hiyo, tarehe 9 Machi 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono pale Harambee House, Nairobi. Handisheki ile imejadiliwa, imesifiwa na kulaaniwa, lakini sijasikia mtu akiuliza nani alibana zaidi.

Kwetu salamu ya mkono hupimwa kwa muda na adabu. Unamshika mtu, unamuuliza za nyumbani, watoto, kazi, mvua zimeanza huko, na mkono bado umo ndani ya mkono. Kwa aliyekuzidi umri, shikamoo inatangulia, na kwa wengi mkono wa kushoto unashika kigasha cha kulia, yaani sehemu kati ya kiwiko na kifundo. Pwani, mkono wa mzee hubusiwa. Mama akiweka kiganja kifuani, ameshakusalimu. Rudisha mkono wako. Na Machi 2020, korona ilipoingiza hofu, Rais Magufuli na Maalim Seif waligusanisha miguu Ikulu na salamu ikafika vilevile. Sasa mpe kijana wa semina bibi mwenye baridi yabisi na pete mbili. Ule mbano unazisukuma pete kwenye mfupa wa kidole cha jirani, bibi anatabasamu kwa adabu, kisha anaupapasa mkono wake chini ya khanga.

Nguvu za mkono, hata hivyo, zitafute, kwa sababu kubwa zaidi ya bosi. Mwaka 2015 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa karibu watu 140,000 katika nchi 17, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwemo. Waliminya kifaa kinachosoma nguvu za kiganja kwa kilo, kisha wakafuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kila pungufu la kilo 5 liliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa, na kipimo hicho kilitabiri vifo vizuri zaidi kuliko namba ya juu ya kipimo cha presha. Siyo kwamba kuminya kunarefusha maisha. Kiganja kinatoa habari za mwili mzima: misuli, lishe, maradhi yaliyojificha. Ndiyo maana wataalamu wa Ulaya wanaanza kushuku udhaifu wa misuli ya uzeeni pale mwanamume anapominya chini ya kilo 27, na mwanamke chini ya kilo 16.

Mama zetu walizipata nguvu hizo bila kuzitafuta. Kutwanga, kukuna nazi, kukamua tui mpaka machicha yakauke, kufua na kukamua mashuka mazito. Leo kuna blenda, tui la pakiti na mashine ya kufulia, na sitamwambia mtu azirudishe dukani. Ila kazi ile ilikuwa zoezi, na ikiondoka lazima kitu kingine kishike nafasi yake.

Shika kigasha chako cha kulia kwa mkono wa kushoto, halafu kunja ngumi. Unasikia kinachocheza? Vidole vyenyewe havina misuli ya kuvikunja. Misuli mikubwa iko kwenye kigasha, nayo inavivuta kwa kano ndefu zinazopita kwenye kifundo cha mkono. Kwa hiyo kimpira laini unachokiminya ukiwa kwenye daladala kitakupa stamina kidogo, na ukishakizoea hakikuongezei nguvu tena. Misuli inataka mzigo unaopanda.

Na mzigo upo nyumbani. Dumu la lita 20 likijaa maji ni kilo 20 na ushee, na ule mpini wake mwembamba unakata vidole kiasi kwamba wabebaji wengi hubadilisha mkono kila baada ya nguzo chache za umeme. Chukua mawili, moja kila mkono, mabega nyuma, tembea mpaka vidole vianze kufunguka vyenyewe. Tua kabla havijafunguka. Pumzika, rudia mara mbili tatu. Kama ni mazito, anza na nusu. Siku nyingine ning'inia kwenye bomba imara kwa sekunde 20 au 30. Lowesha taulo ulikamue, pande zote mbili. Shika tofali kwa ncha za vidole ulinyanyue. Hapo ndipo kidole gumba kinapofanya kazi ya kweli. Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, maana kano huchelewa kuimarika kuliko misuli, na mwenye pupa huishia na maumivu ya kiwiko. Malizia kwa kuvaa raba ya kufungia noti kwenye vidole vyote vitano na kuvitanua, ili misuli ya kufungua isiachwe nyuma. Ukiona ganzi kwenye kidole gumba na viwili vinavyofuata, hasa usiku, acha na umwone daktari.

Salamu yenyewe ni rahisi. Ingiza kiganja mpaka ile njia panda ya kidole gumba na cha shahada ikutane na yake. Wanaoonekana walegevu wengi wao wanatoa vidole tu. Kisha bana kadiri unavyobanwa. Jasho futa kabla.

Ninaotamani wasome haya kuliko wote ni wenye miaka 60 kwenda juu, ambao hakuna semina inayowaalika. Mzee ambaye mfuniko wa chupa umeanza kumshinda aanze na taulo na kindoo cha lita 5, akitembea uani asubuhi kabla jua halijawa kali. Na wajukuu wasikimbilie kumpokea kila mzigo.