Shikamoo ya Kitini

Serikali huhesabu watu wake kila baada ya miaka kumi, na mara ya mwisho ilifanya hivyo kuanzia Agosti 23, 2022. Wachaga, kwa utani wetu wa siku zote, huenda kuhesabiwa kwao Kilimanjaro kila Desemba, wanaporudi nyumbani kwa Krismasi. Ofisi yetu ya wakala wa bima hapa Arusha ina wafanyakazi saba, na watano kati yao ni wa kuhesabiwa: mmoja wa Rombo, mmoja wa Marangu, wawili wa Machame, na meneja mwenyewe wa Kibosho. Wa sita alikuwa katika likizo ya uzazi. Wa saba ni mimi, Mnyiramba wa Singida, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinisubiri mgombani na daftari, nilikabidhiwa funguo, kitabu cha stakabadhi na agizo kwamba Desemba 24 si sikukuu kisheria, hivyo ofisi iwe wazi hadi saa kumi jioni.

Pilikapilika za wanunuzi zilibaki chini barabarani. Huku juu nilisikia friji ikinguruma na saa ya ukutani ikihesabu sekunde kwa sauti ambayo sikuwahi kujua kuwa inayo. Kitabu cha wageni kilionyesha kwamba mtu wa mwisho kuingia alikuja Desemba 19, naye alikuwa amekosea mlango, akimtafuta daktari wa meno.

Ilipofika saa saba mchana nilihamia mapokezi, ambako kiti kinazunguka, nikafungua chakula changu. Nilikuwa nimenunua loshoro, yaani mahindi yaliyokobolewa na kuchanganywa na maziwa mgando, chakula ambacho Waarusha na Wameru wamenizoesha kiasi kwamba nyumbani Singida wananiona nimepotea. Mfuniko wa bakuli ulikuwa umekaza. Nikalibana bakuli katikati ya magoti, nikavuta kwa nguvu zote, na mfuniko ukakubali ghafla kuliko nilivyotarajia. Punje za mahindi niliziokota hadi ndani ya mfuko wa suruali, zikiwa zimejipanga pamoja na funguo za ofisi.

Nilipiga hesabu ambayo hadi leo sioni kosa lake. Siku tano hakuna mteja. Jua la mchana ni kali. Suruali ya kitambaa chepesi haihitaji zaidi ya saa moja. Nikaifua kwa sabuni ya kunawia mikono, nikaianika kwenye reli ya baraza ya nyuma, kisha nikarudi kuketi nyuma ya meza ndefu ya mapokezi. Kuanzia kiunoni kwenda juu nilikuwa na shati jeupe na tai. Kuanzia kiunoni kwenda chini nilikuwa na bukta ya zambarau.

"Hodi humu ndani!"

Aliingia mzee wa kofia ya pama, koti refu na fimbo, akasimama mbele yangu. Mimi nimelelewa kwamba mtu mzima huamkiwa ukiwa umesimama, na mwili wangu ulikwisha kuanza kunyanyuka wenyewe kabla sijaurudisha chini kwa kushika meza.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. Aligeuka nyuma kutazama kama kuna mtu mwingine niliyekuwa nikimwamkia kwa namna ile.

"Kijana, kwenu ni wapi?"

"Singida, mzee wangu."

"Na huko Singida wakubwa huamkiwa mtu akiwa amekaa?"

Heshima ya mkoa mzima ilikuwa mikononi mwangu, nami sikuwa na suruali ya kuitetea. Nikasema goti limegoma tangu asubuhi. Uso wa mzee ukalegea papo hapo, jambo lililonitisha zaidi, kwani alieleza kwamba kabla ya kustaafu alikuwa mganga msaidizi na kwamba mambo ya mifupa ndiyo yaliyomsomeshea watoto.

"Lipi? La kulia?"

"La kulia, mzee. Na la kushoto."

"Basi hilo si goti. Huo ni uti wa mgongo."

Nikaharakisha kumuuliza shida yake. Bima ya gari lake ilikuwa inaisha usiku wa siku hiyo, na alfajiri alitakiwa kuwapeleka wajukuu Moshi. Alitaka bima ndogo, ile inayomlipa uliyemgonga na kukuacha wewe na bodi yako iliyobonyea. Nilipomtajia bima kubwa alisema haina haja, kwa sababu gari lenyewe ni dogo. Akatoa kadi ya gari ili niitoe kopi. Mashine ya kopi ilikuwa ng'ambo ya chumba, hatua nane. Nikamwomba anipigie picha ya kadi kwa simu yake. Akanionyesha simu ya kitochi.

"Usiutese mguu," alisema kwa huruma, akaegemeza fimbo ukutani. "Nakuja huko nikuangalie."

Akaanza kuizunguka meza. Nilichokuwa nacho karibu kilikuwa kitambaa chekundu cha Krismasi chenye picha za kengele, kilichotandikwa juu ya meza. Nilikivuta, kikaja na mti wa plastiki, kitabu cha wageni, kalamu zote na loshoro iliyobaki. Nilikuwa ndio kwanza nakifunga kiunoni pale mlinzi alipoingia, amenyoosha mkono mbele, suruali yangu ikidondosha maji sakafuni.

"Bosi, hii imeanguka kutoka juu. Nimewauliza bodaboda wote pale chini, kila mmoja ametazama yake akasema si yake."

Mzee aliitazama suruali, akazitazama kengele, kisha akayatazama magoti yangu mawili, ambayo sasa yalikuwa yakionekana vizuri na hayana tatizo lolote.

"Lililogoma ni lipi kati ya haya?"

Niliivaa suruali stoo ikiwa mbichi, nikatoa kopi, nikajaza fomu, nikapokea fedha na kuandika stakabadhi, na katika muda wote huo hakuna aliyesema neno. Mzee akaikunja bima yake, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akachukua fimbo. Alipofika mlangoni akasita, akarudi hadi mbele ya meza.

"Sasa tuanze upya," akasema.

Nikasimama, maji yakinichuruzika hadi ndani ya soksi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Uwasalimie Singida."